Nusu ya Kidevu

Nina ndevu. Nalisema mapema ili tusipotezeane muda. Mimi ni mwanamke, nimezaa, nimenyonyesha, nimelima vitunguu saumu Tlawi mpaka mgongo ukazoea kuinama, na nina ndevu. Si vinywele viwili vitatu vya kusingizia uzee. Ni ndevu nyeusi, ngumu, zinazoanza chini ya masikio na kukutana kidevuni. Zilianza nilipomwachisha ziwa mtoto wangu wa kwanza, wakati bado nilikuwa msichana wa kugeuziwa shingo njiani.

Watu wana maelezo yao. Sokoni waliniambia mwanamke mwenye ndevu huwa na bahati ya hela, na bahati hiyo naingoja mpaka leo. Wengine walisema kwetu mimi ndiye mume. Daktari wa zahanati alisema ni mambo ya mwili tu, wanawake wengi wanazo ila wanajua kuficha, akanipa vidonge vya kuongeza damu ambavyo sikuwa nimeviomba. Nilivimeza vyote. Ndevu zikanenepa pamoja na mimi.

Nilipokuwa mtoto, miaka ile ya foleni madukani, wembe ulikuwa kitu cha kuazimana. Wembe mmoja ulinyoa nyumba nzima, kuanzia babu mpaka mjukuu, na ukishakuwa butu ulibaki kukatia nyuzi za magunia. Na kwetu hakuna aliyenyoa kavu. Unachukua samli ya ng'ombe wa nyumbani, unaiyeyusha jikoni, unaipaka na kusugua mpaka ngozi ing'ae, ndipo unapitisha wembe. Bibi alininyoa hivyo kichwa changu, mama naye hivyo hivyo. Msiisahau hiyo samli.

Ndevu ziliponianza, maduka yalikuwa yameshafunguka, kila mtu anauza anachotaka, na wembe ulikuwa umejaa kila kibanda. Nikawa nanyoa kwa siri jikoni, mlango nimeuzuia kwa ndoo ya maji. Wembe ulikata vizuri, sitausingizia. Lakini ndevu zangu zikirudi zinajikunja na kuchimba ndani ya ngozi, na kidevu kizima kinaota vipele vyenye usaha. Nikahamia kwenye kibano. Kung'oa ndevu moja moja ni kulia bila msiba, na kila shimo linabaki na doa jeusi. Nikajaribu kuziacha. Kila nilichofanya kiliacha alama, na kila alama ilikuwa na msemaji wake.

Mwaka alipochumbiwa binti yangu wa kwanza, mkoa wetu ulikuwa umeshakatwa kutoka Arusha, ofisi zinajengwa Babati, na watu wakitembea kama vile wamepandishwa cheo. Kijana alikuwa wa kijiji cha Daudi, fundi wa redio, mpole. Sendofu, sherehe ya kumuaga binti, ikapangwa mwezi wa saba, baada ya mavuno, na kamati ikaketi sebuleni kwetu.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Ni mwanamke wa kazi, hilo simnyimi. Alipanga turubai, akapanga spika na jenereta, akapanga ng'ombe na nani atakayemchinja. Halafu akanigeukia mimi, akatoa kitenge kipya kwenye mfuko.

"Wifi, na wewe tumekufikiria," akasema. "Siku hiyo utajifunga hiki kichwani, ukipitishe chini ya kidevu, fundo liwe juu. Wageni tutawaambia unaumwa jino."

"Siumwi jino."

"Najua huumwi."

Nilimtazama mume wangu. Yeye alikuwa akitazama chai yake kana kwamba kuna kitu kimezama humo.

"Mama watoto," akasema mwishowe, "ni siku moja tu."

"Siku hiyo ni yangu," nikamwambia. "Nimembeba mimi, nimemsomesha kwa vitunguu vyangu. Nitaketi kwenye kiti cha mama mzazi, mbele, uso wazi. Asiyetaka kunitazama atamtazama ng'ombe akichomwa."

Wifi alikikunja kile kitenge taratibu, akakiweka kwenye kiti. "Basi huo uso uwe safi," akasema. "Wanakuja watu wa heshima."

Binti yangu alikuwa akitugawia chai. Aliweka birika chini, akatoka nje. Nikajua ananionea aibu. Hilo liliniuma kuliko kitenge.

Uso safi, basi. Mbulu mjini palikuwa karibu, lakini huko wifi yangu anafahamiana na kila mwenye duka, na habari ingenitangulia nyumbani. Nikangoja siku ya mnada wa Katesh, nikapakia magunia yangu kwenye lori la wafanyabiashara wa vitunguu, nikapanda juu yake. Mlima Hanang' ulikuwa umejifunika mawingu kichwani. Nikauambia na wewe wifi yako amekupata.

Mnadani kila kitu kimetandazwa chini: mitumba, sufuria, redio za Kichina, dawa za mifugo. Mashine za kunyolea zilikuwepo, zimepangwa kwenye turubai pamoja na tochi. Muuzaji akaniuliza, "Unamnunulia mzee?" Nikamjibu najinunulia mwenyewe. Akacheka, akamwita mwenzake aje anione. Nikamwacha na mwenzake, nikaenda mjini kwenye maduka yenye milango.

Kwenye duka nililoingia aliketi mama mtu mzima, amejifunga ushungi wa kijani, anakunja risiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Za utokako?"

"Nzuri. Nataka mashine ya kunyolea ndevu, ya kunyoa mpaka kidevu kiwe laini."

"Ndevu za nani?"

Nikashusha kanga niliyokuwa nimejitanda. "Hizi."

Alizitazama kama fundi cherehani anavyotazama kitambaa kabla ya kukata. Hakucheka, hakusema pole. Akafungua kabati la kioo, akaweka mashine juu ya meza.

Ya kwanza ilikuwa kubwa, ya kupendeza, ina vichwa vitatu vya duara vinavyozunguka. "Hii ni nzuri," akasema, "lakini inataka umeme wa ukutani. Kwenu umeme umefika?"

"Tunausikia redioni."

Akairudisha. Ya pili ilikuwa ile ya saluni, yenye meno. Akasema hiyo inapunguza tu, inabakiza vishina, na nikimkumbatia mtu nitamchoma. Ya tatu ilikuwa ndogo, inaingia kiganjani, inatumia betri mbili, na juu ya visu vyake kuna wavu mwembamba wenye vitundu vingi sana. Akaupeleka ule wavu kwenye mwanga wa mlangoni, akaugeuza huku na huku.

"Hapa ndipo pa kuangalia," akasema. "Wavu ukiwa umebonyea au umetoboka, usiupeleke usoni, utakuchana. Huu ni mzima. Sasa sikiliza. Ndevu ndefu haziingii kwenye hivi vitundu, kwa hiyo zipunguze kwanza kwa mkasi. Uso uwe mkavu kabisa. Vuta ngozi kwa mkono mmoja, mashine uipeleke polepole kinyume na nywele zinakolala. Usigandamize. Na siku za mwanzo ngozi itawaka, ipe muda."

"Mama, umejulia wapi yote haya?"

"Unafikiri huu ushungi unaficha nywele za juu tu?" Akacheka mpaka meza ikatikisika, na mimi nikacheka naye. Sikuwa nimecheka kwa ajili ya ndevu zangu tangu zinianze.

Nikaomba kuijaribu. Akaufuta wavu kwa spiriti, akanipa mkasi na kioo cha mkononi. Nikapunguza sehemu ndogo, nikaiwasha. Ililia kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Mzee mmoja aliyekuwa akichagua misumari akageuka, akabaki mdomo wazi.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia. "Nanyoa."

"Marahaba," akasema, akarudi kwenye misumari yake.

Nilipozima nikapitisha kidole. Pale palikuwa laini. Hapakuwa na damu, hapakuwa na kishina. Nilirudi Tlawi nimeishika ile mashine mkononi njia nzima, sikuitia hata kwenye kapu.

Sikunyolea jikoni tena. Nilitundika kioo uani, kwenye msumari ule ule anaponyolea mume wangu, nikavuta kigoda, nikanyoa jua likichomoza na majirani wakipita na ng'ombe wao. Wiki ya kwanza ngozi iliwaka ikawa nyekundu, kama alivyosema mama wa Katesh, nikaishia kupangusa kwa maji ya baridi na kutukana kimoyomoyo. Baadaye ikatulia. Vipele vikakauka. Siku moja nikakuta mvi ndani ya mashine, na mimi sina mvi. Nikamwambia mume wangu akanunue yake.

Aliyenishikia kioo upepo ulipovuma alikuwa binti yangu. Alikuwa akiuliza maswali mengi.

"Mama, inauma?"

"Haiumi."

"Zikikatwa hivi zinarudi nene?"

"Zinarudi zile zile."

"Na mtu akishaanza kunyoa, itabidi anyoe siku zote?"

Nikaona ananihofia. Nikaona anahesabu kama nitafika siku yake na uso wa kuonyeshwa watu. "Usiwe na wasiwasi," nikamjibu kwa ukali. "Sitakuaibisha." Alitaka kusema kitu. Badala yake akachukua kibrashi kilichokuja na mashine, akaanza kuisafisha.

Siku ya sendofu ilianza na ukungu. Mwezi wa saba kwetu baridi haina huruma; turubai lilikuwa linadondosha maji na wapishi wamejikunyata kwenye moto. Nilikuwa nimeziacha ndevu siku chache ili mashine izishike vizuri, ninyoe mara moja, asubuhi ile ile, kidevu kiwe kipya. Na hapo ndipo tamaa iliponiingia. Nilitaka siku hiyo kiwe laini kuliko siku zote. Kwenye mafiga palikuwa na bakuli la samli ya kupikia pilau, imeyeyuka, inanukia vizuri. Nikawaza: wembe butu wa bibi yangu, kwa samli tu, uliteleza. Mashine mpya kwa samli itakuwaje? Nikachota, nikapaka kidevu kizima, nikasugua kama nilivyosuguliwa, nikaenda uani kwenye kioo changu.

Upande wa kulia ulikwenda. Nilipofika katikati mlio ukaanza kushuka. Samli iliyokuwa maji kando ya moto ilikuwa inaganda kwenye ile baridi, ndani ya wavu, imeshikana na nywele, imekuwa kama ugali uliolala. Mashine ikakoroma, ikanyamaza. Nikabadilisha betri. Nikaitikisa. Nikaigonga kwenye kigoda, na huku naambiwa na akili yangu mwenyewe kwamba siyo dawa. Leo ningekwambia upake poda kidogo ya mtoto, ngozi ikauke, basi. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa samli.

Upande wa kulia ulikuwa laini kama shavu la mtoto. Wa kushoto ulikuwa na ndevu zote.

Wifi akatokea mlangoni amevaa sare ya kamati. Alinitazama kulia, akanitazama kushoto.

"Nileteeni wembe," nikasema.

"Wembe uliopo umenyolea vichwa vya watoto wote tangu alfajiri. Utakuchana, utawapokea watu na damu shingoni. Na wameshafika kwenye kona, huwasikii?" Honi za gari zilikuwa zinasikika kweli. Akanyoosha mkono. Kitenge kilikuwa mkononi mwake, na nadhani kilikuwa mkononi mwake tangu asubuhi. "Wifi, hatugombani leo. Jifunge."

Nikakichukua. Niliingia chumbani, nikaketi kitandani, nikakipitisha chini ya kidevu, nikafunga fundo juu. Nilijiona kwenye kioo cha kabati, mgonjwa wa jino. Nililia kwa hasira, na hasira yenyewe sikujua nimpe nani, wifi au samli.

Binti yangu akaingia. Alikuwa ameshavalishwa gauni, amepakwa poda nene usoni, amependeza mpaka nikaona haya kumlilia. Wifi alikuwa nyuma yake.

"Shangazi, samahani," binti yangu akasema, "naomba niongee na mama."

Wifi akatoka huku akisema wageni hawangoji maongezi. Binti yangu akafunga mlango, akaja akaketi kando yangu. Akashika ncha ya kitenge changu, akailowesha kwa ulimi, akaanza kusugua kidevu chake mwenyewe. Poda ikatoka. Chini yake palikuwa na madoa meusi, na katikati ya madoa vidonda vidogo vibichi. Nilivijua vidonda vile. Nimewahi kuwa navyo mimi.

"Nilianza nikiwa kidato cha pili," akasema. "Naziondoa kwa kibano chako."

Maswali yote yale ya uani yakanirudia moja moja, na hakuna hata moja aliloniuliza kwa ajili yangu.

"Mwenzako anajua?" nikamuuliza.

"Hajui." Alikuwa akitazama mikono yake. "Ile siku ya kamati, uliposema utakaa mbele uso wazi, nilitoka nje nikalia. Nikajiambia, mama akikaa vile mbele za watu, na mimi nitamwambia. Mama, wewe ukijifunga leo, mimi nitajifunga mpaka lini?"

Nje walikuwa wanamwita. Akachukua poda mezani, akajipaka haraka pale alipofuta, akaniachia mlango wazi.

Nikafungua fundo. Kitenge nikakikunja vizuri, maana ni kitenge kizuri na hakina kosa, nikakiweka kitandani. Nikapangusa samli iliyobaki. Nikatoka hivyo hivyo.

Wifi alinidaka kwenye kizingiti. "Na jino?"

"Limepona."

Nilipita katikati ya viti, nikaketi kwenye kiti cha mama mzazi. Sitasema watu hawakucheka. Walicheka. Upande wa wapishi kuna aliyecheka mpaka akamwaga mchuzi, na upande wa wageni wazee wawili hawakuondoa macho usoni pangu hata pilau ilipoletwa. Mume wangu alikuja akaketi pembeni yangu. Alinitazama upande wa kushoto, uliokuwa kwake, akavuta kiti chake karibu zaidi, akaanza kula. Mama wa kijana alipokuja kunisalimia, macho yake yalikwenda kulia yakarudi kushoto, na sikumwacha ahangaike.

"Nilikuwa nanyoa," nikamwambia. "Mashine ikagoma."

"Pole," akasema, kama unavyompa pole mtu aliyepata pancha njiani, akanishika mikono yote miwili.

Halafu mshereheshaji akachukua kipaza sauti. Alimtambulisha baba, akamtambulisha shangazi, akatambulisha kamati. Akasema sasa tunamtaka mama mzazi, mama aliyembeba bibi harusi wetu, asimame tumwone.

Nikasimama. Nikainua kidevu, nikageuka kulia wakaona, nikageuka kushoto wakaona. Mtu akapiga mluzi. Mshereheshaji akapoteza maneno, na kwa mshereheshaji hilo si jambo dogo. Mimi sikuwa nawatazama wao. Nilikuwa namtazama binti yangu.

Alikuwa ameketi na mwenzake mbele ya meza ya keki. Akamwinamia sikioni, akasema kitu kifupi, akanyoosha kiganja. Kijana akatoa kitambaa chake mfukoni, akampa. Binti yangu akakichovya kwenye glasi ya maji, akaanza kufuta kidevu mbele ya watu wote, polepole, kama mtu anayenawa uso asubuhi kwao. Alifuta mpaka poda yote ikaisha. Kutoka pale niliposimama niliyaona madoa yake, moja moja.

Kijana aliyaona pia. Aliyatazama muda mrefu. Halafu akakichukua kile kitambaa mkononi mwake, akakikunja, upande wenye poda ukaingia ndani, akakirudisha mfukoni mwake.

Mshereheshaji akasema ahsante, mama sasa aketi. Akasema mara ya pili. Niliketi nilipotaka.